Fomu imeandikwa osteoplasti, shemeji anasema huo ni urembo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Mume wangu ana miaka 31, alikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka jana alfajiri lori lilimgonga akiwa na abiria. Abiria alitoka na michubuko tu, ila mume wangu alivunjika mfupa wa muundi, mguu wa kushoto, ukachomoza nje ya ngozi. Alisafishwa kidonda akawekewa vyuma vya nje. Baadaye mguu ukaanza kutoa usaha, wakamrudisha chumba cha upasuaji wakatoa vipande vya mfupa vilivyokufa. Sasa kidonda kimefunga, lakini kwenye picha ya eksirei mfupa una pengo. Daktari alisema ni kama sentimita 5.

Mwezi uliopita tulipewa rufaa kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Daktari bingwa alimpima, akaandika kwenye fomu: "Osteoplasti, tibia ya kushoto, pandikizo la mfupa kutoka nyonga." Foleni ilikuwa ndefu, akatueleza harakaharaka, mimi nikawa naitikia tu ndiyo daktari, ndiyo daktari, na kumbe sijaelewa.

Tuliporudi kikaitwa kikao cha ukoo ili watu wachange. Kaka mkubwa wa mume wangu akachukua ile fomu, akasoma, akasema: "Hii si plasti? Plasti ni mambo ya wasanii kutengeneza pua. Mimi sichangii urembo wa mguu." Mama mkwe akaanza kulia kwamba mwanawe anaenda kuwekewa plastiki mwilini. Mwingine akasema huwa wanachukua mifupa ya maiti. Jirani yetu ameniambia wazi bora wakate mguu maisha yaendelee. Na kule kijijini kwao kuna mzee anayeunga mifupa, amesema aletewe mgonjwa, kwa majani na vijiti vyake wiki tatu zinatosha.

Nikaingia kwenye simu kutafuta hilo neno. Nikakuta picha za kidevu, za meno, za nyonga, nikachanganyikiwa zaidi. Halafu kule wodini kulikuwa na mtoto wa kutoka Arusha mwenye matege, mama yake akaniambia mwanawe anafanyiwa osteotomia. Je, ni kitu kimoja? Au daktari wetu alikosea kuandika?

Shangazi, nina jambo jingine. Mume wangu anavuta sigara kwa kujificha nyuma ya choo. Nikimwambia anakasirika, anasema sigara na mguu vina uhusiano gani. Naomba unieleze hilo neno maana yake nini, nikubali au nikatae, na shemeji yangu nimwambie nini bila kuonekana namvunjia heshima.

Mama wa wawili, Morogoro

*

Marahaba mwanangu. Pole sana na kuuguza, maana ajali ya mmoja hulaza nyumba nzima. Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa miaka mingi, na barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Yapo mambo ninayoweza kukwambia kwa uhakika, na yapo ambayo lazima ayajibu daktari aliyeushika mguu wenyewe. Nitakuonyesha yapi ni yapi.

Neno kwanza, kwa kuwa ndilo lililoharibu kikao. Osteo ni mfupa. Plasti ni kufinyanga, kuumba upya, na limetoka katika Kigiriki cha zamani. Lilitumika kwa kazi ya kuunda karne nyingi kabla hazijakuwepo ndoo na mifuko ya plastiki, nazo zikaja kupewa jina kutokana na asili hiyohiyo kwa sababu zinafinyangika. Osteoplasti basi ni upasuaji wa kuujenga upya mfupa uliopungua, uliopotea sehemu, au uliokaa umbo baya. Upasuaji wa kupendezesha uso ni tawi moja tu la kazi ya kuumba upya viungo, na ndilo linaloonyeshwa kwenye simu. Madaktari haohao wa kuunda viungo ndio wanaofunika vidonda vya moto na kuziba midomo ya watoto waliozaliwa na mdomo sungura.

Ndiyo maana ulikuta picha nyingi zisizofanana. Daktari wa meno akichonga mfupa wa taya ili ufizi ukae vizuri, anaweza kuiita kazi hiyo osteoplasti. Daktari wa nyonga akiondoa kinundu kwenye shingo ya fupapaja kinachosugua tundu la nyonga, naye anaandika osteoplasti. Wa fuvu ana kranioplasti, wa kidevu ana genioplasti. Kwa hiyo neno hilo peke yake halikwambii mguu wa mumeo utafanywa nini. Ni jina la ukoo mzima, na daktari wako hakukosea kulitumia. Lenye habari zaidi kwenye fomu yenu ni lile alilomalizia: pandikizo la mfupa kutoka nyonga.

Osteotomia ya yule mtoto ni kazi nyingine. Hapo mfupa upo wote, ila umepinda. Daktari anaukata kwa makusudi mahali alipopapima, anaunyoosha, anaushikiza kwa chuma, unaunga ukiwa umenyooka. Huko Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru maji mengi yana floraidi nyingi mno, na mtoto anayekua akiyanywa anaweza kupinda miguu, achilia mbali meno kuwa ya kahawia. Kazi hizi mbili hukutana pia. Huko Glasgow, Uskoti, karibu mwaka 1880, daktari William Macewen alikuwa na mtoto aliyepoteza sehemu kubwa ya mfupa wa mkono wa juu kwa maambukizi, yaani ugonjwa uleule uliomla mumeo. Alichukua vipande vya mfupa vilivyotolewa kwa wagonjwa wengine aliokuwa akiwanyoosha matege, akavipanga kwenye lile pengo, na mkono ule ukaja kufanya kazi. Mwambie shemeji hiyo ilikuwa zaidi ya miaka 140 iliyopita, na hapakuwa na msanii hata mmoja kwenye chumba hicho.

Na kabla ya hapo, mwaka 1854, wakati wa Vita vya Krimea, daktari wa Kirusi Nikolay Pirogov alieleza namna ya kukata mguu ulioharibika huku akibakiza kipande cha mfupa wa kisigino na kukiunga chini ya muundi, ili mtu apate kukanyaga kwa kisigino chake mwenyewe. Kazi hiyo aliiita ya osteoplasti. Tangu mwanzo neno hili limekuwa la watu wanaotaka kukanyaga tena chini.

Sasa tuje kwenye pengo, maana hapa ndipo uamuzi wote ulipo. Mfupa uliovunjika huunga wenyewe ikiwa ncha zake zimegusana au zimekaribiana sana, hazichezichezi, damu inafika, na hakuna usaha. Ndiyo maana yule mzee wa kijijini amewaunga watu wengi na wakapona, na simdharau. Mkono wa mtoto uliovunjika bila kuhama utaunga kwa vijiti vyake kama unavyounga kwa P.O.P, ile plasta ngumu ya hospitali. Lakini kwa mtu mzima aliyepoteza sentimita 5 za muundi, hakuna ncha za kugusana. Mwili hauwezi kuziba nafasi hiyo peke yake, si kwa wiki tatu wala kwa miaka mitatu. Utaijaza nyama na makovu, mguu utakuwa unakunjika mahali pasipo na kiungo. Tena mguu uliowahi kuoza mfupa ukifungwa vijiti vikabana, damu ikikatika, tunaongelea kukatwa mguu kwa kuoza. Nimewapokea wagonjwa wa namna hiyo wodini vidole vikiwa vimeshakuwa vyeusi. Hapo kwa mzee usimpeleke.

Mfupa wa kupandikiza kwa mumeo, kwa ilivyoandikwa, utatoka kwake mwenyewe, kwenye ukingo wa nyonga, pale mtu anapofungia mkanda. Ndani ya ukingo ule kuna mfupa laini wenye matundutundu, una chembe hai zinazojenga mfupa. Daktari anachota vipande vidogovidogo anavipanga kwenye pengo. Vinafanya kazi kama mbegu: vinashika pale palipo na damu, na palipo na usaha vinaoza. Nyonga haidhoofiki akashindwa kutembea, ila mwandae kwa jambo moja ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi. Siku za kwanza nyonga huuma, na kwa wengine huuma kuliko mguu wenyewe. Wapo walioniita usiku wakidhani wamepasuliwa pasipo. Ni maumivu yanayotarajiwa, yana dawa, na hupungua.

Mifupa ya waliofariki hutumika kweli katika nchi zenye benki za mifupa, husafishwa na kupimwa magonjwa. Sio aibu wala uchawi. Lakini fomu yenu haisemi hivyo, kwa hiyo aliyeleta habari hiyo kwenye kikao alileta ya mguu mwingine.

Mama mkwe naye usimcheke. Kwa pengo la ukubwa huo, madaktari wengi hufuata njia ya Mfaransa Alain-Charles Masquelet, yenye upasuaji wa awamu mbili. Awamu ya kwanza wanajaza pengo kwa saruji ya mifupa, mara nyingi iliyochanganywa na dawa ya kuua vijidudu. Saruji hiyo kwa asili yake ya kikemia ni jamii ya plastiki kweli. Inakaa kama wiki 6 hadi 8, na mwili unaizungushia utando wenye damu nyingi. Awamu ya pili wanaupasua utando kwa uangalifu, wanaitoa saruji yote, wanaweka mfupa wa nyonga ndani yake na kuufunga. Kwa hiyo kama ndiyo njia watakayotumia, mwambie mama kwamba kitawekwa kitu cha muda na kitaondolewa. Ukweli huo utamtuliza kuliko kumwambia hajui kitu.

Njia nyingine ni ya Gavriil Ilizarov, daktari wa mji wa Kurgan, Siberia, aliyeianza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mguu unazungushiwa pete za chuma zenye nyaya, mfupa unakatwa mahali penye afya, na kile kipande kinasogezwa polepole kuelekea kwenye pengo. Nyuma yake mfupa mpya unaota. Mwendo wake ni milimita 1 kwa siku, ikigawanywa mara nne, mgonjwa mwenyewe au mke wake ndiye anayezungusha nati. Piga hesabu: sentimita 5 ni siku 50 za kusogeza tu, kisha inafuata miezi mingi ya kungoja mfupa mpya ukomae pete zikiwa bado mguuni. Kila siku mnasafisha pale nyaya zinapoingia kwenye ngozi. Nyumba isiyo na maji ya uhakika inapata taabu kubwa na njia hii, na daktari anapaswa kujua mnaishije kabla hajaichagua.

Kwa hiyo usikatae, na usikubali kwa kuitikia tena ndiyo daktari. Mkirudi, ingia na karatasi, mwombe dakika tano. Muulize kama ana uhakika usaha umekwisha, na amejuaje: kwa vipimo vya damu, kwa kuotesha nyama ya pale maabara, au kwa kuangalia kovu tu? Hili ni la kwanza na ni kubwa, maana kidonda kinaweza kufunga juu wakati chini bado kuna maambukizi. Muulize ni upasuaji mara ngapi, ili mchange kwa hesabu ya kweli badala ya kuishiwa katikati. Muulize ni nini kitakachoushika mfupa wakati unaunga, na lini ataruhusiwa kukanyaga. Kisha muulize lile la jirani yako, usione haya: je, kwa mguu huu kukata kungekuwa bora? Kukata si laana. Kuna miguu ambayo mishipa ya fahamu imekufa, unyayo hauhisi kitu, na kuijenga ni kumtesa mtu miaka mingi. Lakini uamuzi huo unatokana na kupima damu na hisia za mguu, na jirani hakuvipima. Ikiwa mumeo anachezesha vidole na anahisi ukimgusa unyayo, hiyo ni dalili njema, mtajie daktari.

Sigara. Mumeo ameuliza uhusiano, nami namjibu yeye. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na pandikizo la mfupa siku za kwanza halina mshipa wake lenyewe, linaishi kwa damu inayochungulia kutoka pembeni. Wavutaji hukawia kuunga, na wengi zaidi kati yao hawaungi kabisa. Wapo madaktari wanaoahirisha upasuaji mpaka mgonjwa aache. Usimfumanie nyuma ya choo, mwanangu. Mtu aliyekuwa analisha nyumba, leo analetewa maji ya kuoga, amebakiwa na siri hiyo moja tu, na ukimvizia ataishika zaidi. Mpe fungu hili alisome mwenyewe. Mwambie aache wiki kadhaa kabla na asirudi mpaka mfupa uonekane umeunga kwenye picha. Akishindwa, amwambie daktari ukweli, hatapigwa. Na zile dawa za maumivu za diklofenaki zinazonunuliwa dukani bila kuandikiwa, asizinywe mfululizo kabla ya kuuliza, kwa sababu zinaweza kuchelewesha mfupa kuunga. Mlishe dagaa, maharage, mayai mkipata.

Kuhusu shemeji. Kaka mkubwa aliyebeba ukoo hawezi kurudi nyuma mbele ya kikao kwa kusahihishwa na mke wa mdogo wake, hata ukiwa na haki. Usibishane naye kikaoni wala kwenye simu. Mwendee nyumbani kwake, ukiwa na mtu mzima wa upande wao anayekuunga mkono, baba mdogo au shangazi wa mumeo. Chukua ile picha ya eksirei, uishike kwenye mwanga wa dirisha, aone mwenyewe mfupa ulipoishia na unapoanza tena. Sema: "Shemeji, mimi sikuelewa vizuri yale ya daktari, naomba safari ijayo uende naye wewe, umsikie kwa masikio yako kama mkubwa wetu." Akienda, atarudi akiwa msemaji wenu. Ukiweza, mwombe daktari aandike barua fupi kwa Kiswahili kwamba mgonjwa amepoteza sehemu ya mfupa wa mguu kwa ajali na maambukizi, na upasuaji ni wa kumwezesha kutembea. Barua hiyo itafaa pia kwa mwajiri, msikitini au kanisani, na kwa bima kama mnayo, kwa sababu bima nazo hukataa upesi kitu chochote kinachonuka urembo.

Kuhusu fedha, umesahau jambo moja, au hukuambiwa. Aliyemgonga ni lori. Sheria ya Tanzania inalitaka kila gari barabarani liwe na bima ya kuwalipa wanaodhurika. Je, mna nakala ya PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi? Polisi walichora ramani ya ajali, walichukua namba ya lori na jina la kampuni ya bima? Kama hamjafuatilia, anzeni wiki hii kituo kilichopokea ajali, na mtafute wakili au ofisi ya msaada wa kisheria, maana madai yana muda wake. Hospitali nayo ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda kabla ya kulazwa, usingoje siku ya kuruhusiwa, uwaeleze hali ya nyumbani ilivyo. Wanaweza kupunguza gharama au kuruhusu mlipe kidogokidogo.

Mwisho, nimeona kitu katika barua yako. Umeniambia anachosema shemeji, mama mkwe, jirani, mzee wa kijijini na mama wa mtoto wa Arusha. Mumeo nimemsikia mara moja tu, akiongelea sigara. Ana akili timamu, na sahihi kwenye fomu ya ridhaa ni yake. Leo jioni, watoto wakishalala, muulize yeye anataka nini: miezi ya vyuma na maumivu ili abaki na mguu wake, au njia fupi? Anaogopa nini hasa? Atakachokujibu kiandike juu kabisa ya ile karatasi ya maswali, ndicho daktari aanze nacho.

Shangazi